Kura ya Jumatatu Baada ya Mechi ya Watani

Marlys Tvedt hana kelele. Miaka ishirini na sita amekaa nyuma ya kioo cha mapokezi kwenye zahanati ya Brandvold, na ukimuuliza mtu yeyote hapa mjini atakwambia yule mama ni mpole. Si mpole. Ana hasira kama wewe na mimi, ila anaimeza pamoja na kahawa. Novemba iliyopita kahawa haikutosha.

Acha niitaje shida yenyewe mapema, tusizungushane. Daktari wetu wa zamani, Dkt. Pflug, alistaafu akahamia kwa binti yake huko kwenye joto. Kampuni inayoendesha zahanati ikatuma barua: mpaka tarehe thelathini na moja Desemba kama hamjapata daktari wa kudumu, tunafunga mlango. Brandvold ni watu elfu moja na mia moja, mahindi pande zote nne, na hospitali iko maili sabini na moja. Orrin, mume wa Marlys, ana moyo uliochoka. Maji yanamjaa miguuni, yakipanda kifuani anahema kama amekimbizwa. Kila wiki lazima apimwe, dawa ipandishwe au ishushwe. Februari walikwama kwenye theluji njiani kwenda hospitali, saa nne nzima, Marlys akiwasha gari na kulizima ili mafuta yasiishe, Orrin ameegemea dirisha na midomo imebadilika rangi. Gari la kusukuma theluji ndilo lililowakuta. Tangu siku hiyo mama huyu alikuwa na neno moja tu kichwani: daktari.

Na akampata! Hilo ndilo linalonichoma. Miji mingine inakosa daktari kwa sababu hakuna anayetaka kuja. Sisi tulipata anayetaka.

Aliandika barua pepe sitini na moja, mtu wa mapokezi, siyo meneja, siyo mwenyekiti wa kitu chochote. Aliziandika wakati wa chakula cha mchana, sandwichi mkono mmoja. Wawili wakajibu. Mmoja aliuliza uwanja wa ndege uko umbali gani, kisha akanyamaza moja kwa moja. Wa pili alikuwa Dkt. Renata Oyler, miaka thelathini na mbili, mtoto wa mkata nyama wa kiwandani kule magharibi mwa jimbo, ana mume na mapacha wa miaka miwili. Alikuja mara ya kwanza Agosti. Akakaa jikoni kwa Marlys, akala maharage ya pilipili na mkate wa mdalasini pembeni, kama sisi sote tulivyolishwa tangu shule ya msingi, halafu akamsikiliza Orrin kifua pale pale mezani.

"Hii dawa ya kutoa maji mnampa saa ngapi?" akauliza.

"Jioni, baada ya kula," Marlys akasema.

"Ndiyo maana halali, anaamka kwenda chooni. Mpe asubuhi."

Orrin akalala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Kitu kidogo kiasi hicho! Mwaka mzima hakuna aliyeuliza.

"Nitakuja," Renata akasema wakati anaondoka. "Nitafutieni tu nyumba."

Sasa nyumba. Mzee Gerhard Moldenhauer, aliyetajirika kwa mbegu za mahindi, aliacha nyumba yake ya matofali iliyo mkabala na zahanati, vyumba vinne, ili akae daktari wa mji bure. Hakuna nyingine. Zilizobaki wazi hapa ni zile za mashambani ambazo paa limeshalala sebuleni. Lakini kwenye wosia mzee aliweka sharti: daktari atakayekaa humo awe mhitimu wa Chuo cha Kilimo.

Jimbo letu lina vyuo vikuu viwili vya serikali. Kuna Chuo Kikuu cha Jimbo, rangi nyekundu, timu yao Mbweha, kiko juu ya kilima na nguzo nyeupe mbele. Na kuna Chuo cha Kilimo, rangi ya kijani, timu yao Mafahali. Wekundu wanakiita Chuo cha Ng'ombe. Watu wa kijani wanawaita wale wanywa mvinyo. Jumamosi moja ya Novemba kila mwaka watani hawa wanakutana kwenye mpira, ule mpira wetu wa kofia ngumu na kuvaana mwili mzima, na siku hiyo hakuna harusi, hakuna mazishi, hakuna mnada. Maiti inasubiri Jumatatu. Brandvold ni kijani mpaka kwenye tangi la maji.

Na Chuo cha Kilimo, kwa heshima zote, hakitoi madaktari wa watu. Kinatoa madaktari wa mifugo. Wazuri kabisa, ukiwa nguruwe umepona. Daktari wa binadamu katika jimbo hili anasomea kwa Wekundu, basi. Mzee Moldenhauer alijua hilo? Alijua. Akaandika hivyo hivyo, na siku wosia unasomwa ukumbi mzima ulipiga makofi. Dkt. Pflug alipenya kwa sababu alianza na biolojia kwa kijani kabla ya kwenda kusomea udaktari jimbo jingine. Ilikuwa bahati tu, na tukaichukulia kama ndiyo utaratibu.

Upenyo ulikuwa mmoja. Wadhamini watano wa nyumba wanaruhusiwa kulegeza sharti, mradi wote watano wakubali. Mwenyekiti wao ni Duane Skaar, kaka yake Marlys, mkubwa wake kwa miaka miwili.

Duane anafuga nguruwe. Mlango wa nyumba yake kijani, pikapu yake kijani, honi ya pikapu inapiga wimbo wa Mafahali mstari mzima, hata akipita mbele ya kanisa. Kila Septemba gazeti moja huchapisha orodha ya vyuo kwa ubora, na kila Septemba Duane anaisoma kwenye mkahawa wa Bev kama mtu anayesoma majibu yake ya damu. Mwaka jana Wekundu walikuwa wa thelathini na nane. Sisi mia moja na nne. Alinuna wiki nzima. Alinuna kwa sababu gani? Hakuna aliyempa Duane namba yoyote. Duane hajawahi kukaa hata darasa moja la chuo chochote. Na siyo yeye peke yake. Pita pale kwa Bev asubuhi, meza ya wazee ina watu tisa wanabishana chuo gani bora, na ukiuliza nani amesoma wapi wote wanaangalia kahawa. Chuo hakikujui, mzee. Kinajua fulana uliyonunua.

Ajabu ni kwamba katika watoto wa Skaar, aliyesoma Chuo cha Kilimo ni Marlys. Mihula mitatu, somo la udongo, mpaka baba yao alipoanguka kutoka juu ya ghala la nafaka na mtu akatakiwa nyumbani. Kati ya watoto wawili akarudishwa wa kike, hakuna aliyejadili. Hana bendera mlangoni. Hana hata kikombe. Madaftari anayo.

Novemba Renata akaja mara ya pili, na Marlys akampeleka kwa Bev Stuhr, mwenye mkahawa, ambaye naye ni mdhamini. Renata aliingia na kikombe chake cha safarini, chekundu, kina picha ya mbweha.

"Aa, aa, aa!" Duane akainua mikono pale kwenye meza ya wazee. "Hicho kikae nje na mbwa."

"Kikikaa nje kahawa itapoa, mzee."

"Ipoe! Bev, mletee daktari mvinyo. Hawa kahawa inawakwama kooni."

"Na jibini," mmoja akadakia. "Ile yao yenye ukungu."

"Jibini inatoka wapi kwani?" Renata akauliza, huku anavua koti. "Si kwa ng'ombe wenu? Nyie mkamue, sisi tule. Mbona mambo yako sawa?"

Meza ikalipuka. Duane alicheka mpaka akapiga ngumi sahani. Kwetu ukitaniwa umeshakubaliwa. Mtu wasiyemtaka wanamwamkia kwa adabu. Marlys aliona kicheko kile akajua kazi imekwisha.

Akamfuata kaka yake nje kwenye pikapu. "Umempenda."

"Ana mdomo. Nimempenda."

"Basi kaeni mpige kura. Alhamisi hii."

"Alhamisi? Wiki ya mechi? Dada, nani ana akili wiki ya mechi? Tutakaa Jumatatu baada yake. Tukishawachapa, watu watakuwa na roho nyeupe. Hata Moldenhauer huko aliko atasema mpeni tu binti wa watu, wameshateseka."

"Na mkifungwa?"

"Marlys! Miaka tisa hatujafungwa. Usituletee mkosi."

"Duane, mji wa Kessler nao wanamtaka. Wamempa mpaka Jumanne saa sita mchana awajibu."

"Na Jumatatu si inakuja kabla ya Jumanne? Sasa unachoogopa ni nini?"

Mtu wa nje angeshika kichwa. Nyumba ya daktari wa mji mzima inapangiwa siku kwa kutegemea matokeo ya mpira. Hapa hakuna aliyeona tatizo. Mchungaji Quist, mdhamini, alisema ni wazo zuri. Bev alisema ni wazo zuri. Wale wadhamini wawili wakulima walisema chochote atakachosema Duane. Hata Marlys mwenyewe, akili timamu, aliishia kusema sawa.

Jumamosi akatazama mechi. Alikuwa hajatazama tangu binti yao aolewe. Alikaa kwenye kochi pembeni ya Orrin, bakuli la nyama na viazi linapoa mapajani, anashangilia watu ambao hajui majina yao.

"Hawa ndio sisi?" akauliza.

"Wenye kijani, Marlys."

"Najua wenye kijani. Wanaokwenda kulia?"

Tuliongoza kumi na saba kwa kumi. Wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika mbili. Halafu kijana wetu mmoja, kitoto cha miaka kumi na tisa, akakumbatia mpira vizuri kabisa, akagongwa, mpira ukamtoka, Mbweha wakaudaka. Zimebaki sekunde tatu, Mbweha wakapiga teke la yadi arobaini na nne, lile ambalo mpira ukipita kati ya milingoti ni pointi tatu. Mpira ukagonga mlingoti. Ukafikiria. Ukaingia. Ishirini kwa kumi na saba.

"Umeingia," Orrin akasema.

"Nimeona."

"Mpigie Duane."

"Nimwambie nini? Poleni na msiba?"

Orrin hakucheka. Yeye alikuwa anajua kabla ya wote kwamba teke lile limeingia kifuani kwake.

Jumatatu saa kumi na mbili jioni, chumba cha chini cha kanisa. Walikuja watu kama arobaini. Renata aliendesha gari saa mbili kuja, akakaa karibu na birika kubwa la kahawa, mikono mapajani. Marlys alikuwa katibu wa kikao. Kila mara yeye ndiye katibu. Nimeomba nakala ya kumbukumbu zake na ninayo hapa. Ukurasa wa kwanza wote ni kuhusu refa.

"Kabla ya ajenda," Duane alianza, macho mekundu kama hajalala siku mbili, "naomba iandikwe kwamba ile faulo ya robo ya tatu haikuwa faulo."

"Mwenyekiti, ajenda ni moja," Mchungaji Quist akasema.

"Iandikwe!"

Marlys akaandika. Ipo, nimeiona: *faulo ya robo ya tatu haikuwa faulo*.

Baada ya refa wakaja kwenye orodha ya gazeti. Nani anaipanga? Wao wenyewe! Wametoka kule kule! Mmoja nyuma akasema binamu yake alisoma kwa Wekundu na hawezi kubadilisha tairi. Mwingine akasema wa kwake alisoma kwa kijani na hawezi vile vile, wakacheka kidogo, halafu wakakumbuka wamefungwa wakaacha. Mtu akasimama akazungumza dakika kumi na moja kuhusu trekta: nani alibuni mbegu isiyoanguka na upepo? Sisi! Nani analisha nchi hii? Sisi! Wao wanatoa nini? Mawakili!

"Na madaktari," Bev akasema.

"Nani?"

"Wanatoa madaktari, Vern. Mmoja amekaa pale. Duane, tunazungumzia daktari."

"Mimi nazungumzia nini?" Duane akapiga meza. "Tukilegeza leo, kesho nyumba ya Moldenhauer inapeperusha bendera nyekundu. Wiki hii, Bev! Mwaka wowote mwingine, sawa. Wiki hii hii, wanatucheka mpaka redioni, halafu tuwape na nyumba?"

"Sina bendera," Renata akasema kutoka pale kwenye birika.

Hakuna aliyemsikia. Au walimsikia wakaona hilo silo suala.

"Si tuahirishe?" mmoja wa wale wakulima wawili akasema. "Wiki ijayo watu watakuwa wamepoa."

Marlys akaweka kalamu chini. "Anatakiwa kujibu Kessler kesho saa sita mchana. Nilishasema. Nimesema mara nne."

"Katibu anaandika, haongei," mtu akatania, na wengine wakacheka, siyo kwa ubaya, ndivyo tulivyo.

Mchungaji akaomba kura. Yeye mwenyewe ndiyo. Bev ndiyo. Wakulima wawili wakamwangalia Duane. Duane akaangalia meza.

"Siwezi," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, ya mtu aliyechoka kweli. "Siyo wiki hii. Nitapita kwa Bev kesho nimwangalieje mtu usoni?"

Hapo Marlys akasimama. Watu waliokaa jirani naye walisema baadaye walidhani anakwenda chooni.

"Waambie nani alipeleka maombi kwa Wekundu mwaka sabini na tisa."

"Marlys."

"Waambie, kaka."

"Kaa chini."

"Barua ilikuja nyembamba, ya kukataliwa. Nilikuwa jikoni. Uliisoma ukaitia kwenye jiko la mama, na mwaka uliofuata ukanunua kofia ya kijani. Chuo cha Kilimo hukupeleka hata fomu! Mimi ndiye niliyesoma kule, Duane. Mihula mitatu. Nikaitwa nyumbani nije kumgeuza baba kitandani, nikaja, sikusema neno, na hakuna mtu katika chumba hiki aliyewahi kuniuliza nilisoma nini. Ni udongo. Nilisoma udongo. Sasa mimi, mtu wa Chuo cha Ng'ombe peke yangu katika familia hii, nasema mama huyu apewe nyumba. Orrin anakufa taratibu kwenye kochi na nyie mnahesabu faulo."

Birika lilikuwa linakoroma.

Nimebishana na watu wengi kuhusu dakika ile. Wanaompenda Marlys wanasema alisema ukweli. Alisema, ndiyo. Lakini sitamtetea hapo. Alidhani aibu itamsukuma kaka yake aseme ndiyo. Umemvua mtu nguo mbele ya watu arobaini, wanaume aliokunywa nao kahawa miaka arobaini, halafu unataka akupe kitu? Kwa sekunde chache Duane alionekana kama kijana wa miaka kumi na minane aliyeshika bahasha. Kisha uso ukajifunga.

"Kura yangu ni hapana," akasema. "Andika."

Akaandika. Mwandiko ni ule ule, safi, haukutetereka hata kidogo: *D. Skaar, hapana.*

Nje kwenye maegesho Renata alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Marlys akamfuata, koti halijafungwa.

"Binti, nisamehe. Nitaongea naye kesho asubuhi mapema. Nitakwenda bandani kabla hajalisha. Njoo ukae kwangu juu, kuna vyumba viwili, mapacha watalala…"

"Mama Marlys." Renata akaacha kukwangua. "Siyo bendera. Ningepeperusha hata shuka ya kijani, mimi nisingejali. Siku za mechi kule chuoni nilikuwa naosha sahani kwenye bwalo, sijawahi hata kuingia uwanjani. Nimekaa humo ndani saa mbili na nusu. Unajua nilichokuwa nasubiri? Mtu mmoja aniulize kitu. Watoto wangapi hawajachanjwa. Mashine ya eksirei inafanya kazi au haifanyi."

"Haifanyi," Marlys akasema. "Tangu Mei."

"Unaona? Wewe unajua. Ila nikija hapa nitakuwa nafanya kazi na wale."

Marlys akafunga koti, kifungo kimoja kimoja.

Jumanne saa tano na nusu Renata akawapigia Kessler. Jumanne jioni, na hapa ndipo natamani kupiga ukuta, Duane alimpigia mchungaji akasema amefikiria, labda kura irudiwe. Amefikiria! Kumbe muda wa kufikiria ulikuwepo. Tarehe thelathini na moja Desemba zahanati ikafungwa. Waliibandika karatasi mlangoni kwa gundi ya karatasi, hata msumari hawakutumia. Nyumba ya Moldenhauer iko pale pale, inapashwa joto kwa fedha za wadhamini ili mabomba yasipasuke, inamsubiri daktari wa watu kutoka kwenye chuo cha mifugo.

Na kwa Bev? Wiki mbili hivi watu waliongea kwa sauti ya chini. Ya tatu wakarudi kwenye kocha, afukuzwe au asifukuzwe. Nimewasikia kwa masikio yangu wakisema Kessler wametuibia daktari kwa sababu Kessler ni wekundu. Kessler haina rangi. Kessler walimpa nyumba ya kawaida yenye kapeti baya na wakamuuliza anataka mashine gani.

Marlys na Orrin waliuza nyumba Januari, wakahamia Kessler, maili arobaini na tatu kutoka hapa. Marlys ana miaka sitini na mitatu, amezaliwa Brandvold, wazazi wake wote wamezikwa Brandvold. Renata alihitaji mtu wa mapokezi. Hakutangaza hata nafasi.

Machi nilikuwa pale Kessler, nimempeleka mama yangu, kwa hiyo hili la mwisho nililiona. Mlango ukafunguka akaingia Duane, mkono wa kushoto umefungwa taulo la jikoni. Jike la nguruwe lilimng'ata wiki iliyopita, akajitibu mwenyewe kwa dawa ya mifugo, sasa mkono umevimba kama glovu iliyopulizwa. Alisimama mbele ya kioo. Walikuwa hawajaongea tangu kanisani.

"Marlys."

Marlys akasukuma karatasi chini ya kioo. "Jaza hapa. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani."

"Unajua tarehe yangu ya kuzaliwa."

"Kompyuta haijui."

"Nimeng'atwa mkono ninaoandikia."

Akaichukua karatasi, akashika kalamu. "Jina kamili?"

Duane akageuka kuangalia kama kuna mtu anasikiliza. Chumba kizima tulikuwa tunasikiliza. "Duane Everett Skaar."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Akaitaja. Marlys aliuliza yote, moja baada ya jingine, mzio, dawa anazotumia, upasuaji wa zamani, na yeye akajibu yote, hata ule wa ngiri ambao Marlys ndiye aliyemsubiri hospitalini siku tatu.

"Mtu wa kupigiwa simu kukiwa na dharura?"

Duane akaangalia taulo. Mke wake alikufa zamani, watoto wako mbali. Akakohoa.

"Si wewe," akasema.

"Si mimi kwa maana gani? Siyo mimi, au ni mimi?"

"Ni wewe, dada. Nani mwingine?"

Akaandika. Halafu akauliza, macho bado kwenye karatasi, "Lile jike umeshaliuza?"

"Bado."

"Liuze." Akagonga muhuri. "Kaa pale kwenye kiti cha bluu, uinue mkono juu ya moyo, usiushushe. Kuna watu sita mbele yako."

"Sita! Marlys, mkono unaniwaka."

"Sita," akasema. "Mnatoka wengi Brandvold siku hizi."